Sili ndogo ndiyo inayoua jointi za mbele

Mtu akiniambia kwamba jointi ya mbele ya fowili yake, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, imekatwa na jiwe, namuuliza kwanza grisi iliyokuwa ndani ilikuwa katika hali gani. Mara nyingi hakuna aliyewahi kuitazama. Matairi, winchi, springi ndefu na taa za juu tunavijadili kwa hamu, na tunavinunua. Lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele, ambamo nguvu ya injini hupinda kabla ya kufika ardhini, hukumbukwa siku limeanza kulia. Naona tumeipanga kazi hii kinyumenyume, na wanaolipa ni wale wale wanaodhani wameokoa pesa.

Eksele ya mbele imepewa kazi ngumu: izungushe gurudumu na papo hapo iliache gurudumu hilo ligeuke. Krosi ya kawaida, yaani jointi yenye umbo la msalaba, ndugu ya ile ya shafti ya propela, inaweza kuifanya, na Jeep nyingi za eksele nzima, ile boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, zinaitumia. Kasoro yake ni kwamba ikipinda haizunguki kwa mwendo ulio sawa. Katika pembe ya nyuzi 30, shafti ya ndani ikienda kwa mwendo uleule, gurudumu hupungua kwa takriban asilimia 13 kisha huzidi kwa takriban asilimia 15, mara mbili katika kila mzunguko. Jointi ya gololi aliyoibuni Alfred Rzeppa miaka ya 1920 iliondoa kero hiyo. Gololi sita hukaa kwenye mifereji, zimeshikwa na kizimba kinachoziweka daima katikati ya pembe, hivyo mwendo unaoingia ndio unaotoka. Land Cruiser za eksele nzima, kama 60, 70 na 80, zimetegemea jointi ya aina hiyo.

Sasa angalia inavyokufa. Shafti inapotoka kwenye difu, lile sanduku la gia la eksele, kuingia katika nyumba ya jointi, yaani ganda la chuma linalogeuka pamoja na gurudumu, inapita kwenye sili moja, pete ya mpira inayozuia oili isivuke. Upande huu kuna oili nyepesi ya difu; upande ule kuna grisi nzito yenye molibdenamu. Sili ikichakaa, oili inavuka na kuiyeyusha grisi mpaka inakuwa uji mweusi. Uji huo haukai kwenye gololi. Chuma kinaanza kusagana na chuma, vishimo vinatokea ndani ya mifereji, na baadaye ukikata kona kali huku umekanyaga mafuta unasikia ta-ta-ta-ta. Wengi huita mlio huo onyo. Mimi nauita taarifa ya msiba, kwa sababu ukishausikia ujue mifereji imekwisha kuliwa, na hakuna grisi itakayoirudisha.

Onyo la kweli lilikuja mapema zaidi, kwa macho. Pale tufe linapotokea nje kuna sili ya kufuta, ya mpira na kitambaa kizito, inayolipangusa kila unapogeuza usukani. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe ni afya; ndivyo inavyotakiwa. Ukiona matope ya mafuta yanachuruzika hadi upande wa ndani wa tairi, basi oili ya difu imeshavuka. Hapo ndipo ninapogombana na msemo wa “gari la zamani lazima livuje kidogo”. Oili inayovuja pale ni ile ile inayopungua kwenye difu, na ikifika kwenye breki jambo linakuwa la hatari, si la uchafu tu.

Kuna tiba moja ninayoipinga kabisa: kufungua plagi ya nyumba ya jointi na kusukuma grisi mpya ndani, kisha kuondoka. Grisi mpya juu ya uji inakuwa uji, na mlango wa oili bado uko wazi. Kazi halali ni kufungua gurudumu, habu (kitovu chake) na spindeli (bomba ambalo habu huzungukia), kutoa shafti, kuosha kila kitu mpaka chuma king’ae, kuweka sili mpya, kujaza grisi ya molibdenamu namba 2 ndani ya jointi yenyewe mpaka itokeze upande wa pili, halafu kuiacha nyumba na nafasi kidogo, kama robo. Ni kazi ya mchana kutwa na inachafua mikono. Fundi anayeifanya kwa saa moja ameruka kitu.

Na kitu kinachorukwa zaidi ni beringi za kingpini, ile ya juu na ile ya chini zinazoshika nyumba nzima inapogeuka na usukani. Hizi hazizunguki duara kamili. Zinacheza kwenye kipande kidogo tu, tena gari likienda moja kwa moja zinapigwa mahali palepale. Mwishowe vijiti vyake huchimba alama kwenye bakuli, ile pete ya nje ya beringi. Zikilegea, nyumba inaacha kukaa katikati, shafti inaegemea upande mmoja wa sili, na sili uliyoinunua jana inaanza kuvuja kabla grisi haijazoea mahali pake. Watu wanalaumu sili. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise huku mwenzako akichungulia kwa ndani: kama mchezo uko kati ya nyumba na tufe, beringi hizo zinataka kazi. Na zile shimu, vipande vyembamba vya bati vilivyo chini ya vifuniko, zirudi zilikotoka, za juu juu na za chini chini, kwa kuwa ndizo zinazoiweka shafti katikati.

Maji nayo yana hila yake. Difu likiwa moto ukaliingiza mtoni, hewa ya ndani inanywea ghafla. Kama bomba la kupumulia la difu limeziba, maji yanavutwa kupitia sili. Bomba hilo lipandishwe juu, na oili ikaguliwe baada ya kila kivuko kirefu. Ikiwa ya kijivu kama maziwa yaliyochafuka, usiahirishe.

Magari yenye springi huru mbele, ambamo kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, yana mpira wa mikunjo badala ya tufe, na kwao hadithi ni fupi: mpira ukipasuka, ubadilishe wiki hiyohiyo. Ukilinyanyua gari sana, mikunjo inasuguana na mpira hauchelewi.

Kama jointi yako haijaanza kulia, unapofungua kwa sevisi hamisha ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Nguvu ya kwenda mbele itaangukia upande wa mifereji ambao haujatumika sana. Kama inalia tayari, inunuliwe nyingine, na hapo msimamo wangu ni mmoja: jointi halisi iliyotumika, yenye mifereji laini isiyoshika kucha ukipitisha kidole, naichukua mbele ya nakala mpya ya bei rahisi ambayo hakuna anayejua chuma chake kimepikwaje.