Korosho inayouzwa ikiwa bado ua

Oktoba 2024, minada ya kwanza ya korosho ilipofunguliwa Mtwara, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliotangulia ilikuwa ikicheza kwenye 2,000, kwa hiyo watu walikuwa na haki ya kufurahi. Nilimpigia simu shangazi yangu, Newala, nimpongeze. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, magunia yangu mawili yaliondoka tangu Julai."

Yaliondoka kwa kangomba. Kwa asiyeijua kusini mwa Tanzania, hiyo ni biashara ya mnunuzi wa mtaani anayepita na fedha taslimu wakati mkorosho ndio kwanza unatoa maua. Anakupa pesa leo, korosho atakuja kuzibeba zikianguka. Vipimo vyake havina mkaguzi, ni lumbesa tupu, magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Shangazi alipewa 1,500 kwa kila kilo. Gunia la kilo 80 lilimpa 120,000; mnadani, kabla ya makato, lingemletea zaidi ya 320,000. Mjukuu alikuwa amelazwa, na wiki ile ile dawa ya kupulizia mikorosho ilikuwa haijanunuliwa yote.

Serikali inaipiga marufuku kangomba, na hoja yake ina uzito. Kabla ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada, kuanza Mtwara msimu wa 2007/08, kila mkulima alikuwa peke yake mbele ya mnunuzi mwenye gari, mizani na habari za soko. Sasa mzigo unakusanywa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unapangwa daraja, unaingia ghala kuu, na wanunuzi wanashindana kwa zabuni. Bei zinasomwa mbele ya wakulima, nao wana haki ya kuzikataa. Ushindani huo unasaidiwa na kalenda: sisi tunavuna kuanzia Oktoba, wakati nchi za Afrika Magharibi zinavuna kuanzia karibu Februari. Viwanda vya India na Vietnam vinapoanza kuishiwa, mzigo mpya ni wetu. Mkulima mmoja mwenye magunia matatu hawezi kuitumia nafasi hiyo. Wakulima elfu kumi waliokusanya ghala moja wanaweza.

Lakini wanaoulaumu mfumo nao hawajaota. Aprili 2013 huko Liwale nyumba za watu zilichomwa moto, chanzo kikiwa malipo ya korosho yaliyokuja pungufu ya yale wakulima waliyotarajia. Siku hizo malipo yalikuja kwa mafungu: la kwanza, la pili, na lile la mwisho lililoitwa "majaliwa", jina linalojieleza lenyewe. Halafu ukaja msimu wa 2018. Wakulima walizikataa bei za mnadani, wanunuzi wakabembelezwa wasishuke chini ya 3,000, na Novemba Rais Magufuli akaamua serikali inunue korosho zote kwa 3,300, magari ya jeshi yakiingia kusomba mzigo. Kwa bei, mkulima alishinda. Kwa fedha mkononi, wengi walikaa miezi wakisubiri uhakiki na malipo, na msimu mpya wa kupulizia ukawakuta bado wanadai.

Hapo ndipo mjadala wetu unapopotea njia. Tunabishana kuhusu shilingi ngapi, hatuulizi lini. Hata hiyo shilingi ngapi tunaisoma vibaya. Bei iliwahi kugonga 4,000 msimu wa 2017/18, dola moja ikiwa karibu shilingi 2,240. Mwaka 2024 minada ilipofunguliwa, dola ilikuwa imefika karibu 2,700. Kwa hesabu ya mnunuzi wa nje, kilo ile ile ya 4,000 ilishuka kutoka kama dola 1.79 hadi kama 1.48. Mkulima hanunui kwa dola, najua, lakini bati, mafuta ya pikipiki na viuatilifu vinafika kijijini vikiwa vimeshaipitia dola. Elfu nne ya mwaka ule iliezeka chumba kikubwa kuliko elfu nne ya 2024.

Tuwe wakweli pia kwa mtu wa kangomba. Julai hajui bei ya Oktoba. Msimu ambao mnada umesoma 2,000, faida yake kwa kilo ya 1,500 ni nyembamba, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukishambulia maua anaweza kukosa hata mtaji. Anachofanya ni kukopesha, ila riba yake ameificha ndani ya bei. Kumkamata hakumalizi kitu, kwa sababu mwenye shida ya Julai atabaki na shida yake, na atakayekuja usiku kununua kwa kujificha atatoa bei ndogo zaidi. Nimeshasikia watu wa kijijini wakisema hivyo bila kuulizwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka stakabadhi ghalani ifutwe, soko liwe huria. Tungerudi kule kule kwa mnunuzi mwenye gari. Ninachotaka ni ghala lianze kufanya kazi miezi mitatu kabla ya mavuno. Taarifa zipo: wakulima wamesajiliwa ili wapate salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia, AMCOS ina kilo za kila mmoja kwa misimu iliyopita, na malipo yanapita benki. Mkulima aliyepeleka wastani wa kilo 600 angeweza kukopeshwa Julai thamani ya kilo 100, kwa bei ya chini ya kukadiria, deni likatwe mnadani kama yanavyokatwa mengine. Wapo watakaosema mavuno yakifeli deni litamnyonga mkulima, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nimesema kilo 100, si 400, na deni la mwaka mbaya lisogezwe msimu unaofuata bila kuongezwa. Viongozi wa chama wasipewe nafasi ya kuchagua nani akope: kilo zilizoandikwa daftarini ziamue. Kwa kilo 100 kwa bei ya 1,500, shangazi angepata 150,000 ya hospitali, na magunia yote mawili yangeingia mnadani Oktoba yakiwa kwa jina lake.