Vyeti Ukutani, Pango Halijalipwa

Agosti 2020 niliingia kwenye chumba kimoja Ilomba, Mbeya, ambamo kikundi cha vijana kilikuwa kikifundisha ushonaji na elimu ya afya ya uzazi. Kulikuwa na cherehani nne, mbili zimefunikwa vitenge. Ukutani vilibandikwa vyeti vitatu vya mafunzo ya mtandaoni, vimechapishwa kwa rangi kwenye steshenari ya jirani. Kimoja kilihusu kuendesha programu za vijana wakati wa mlipuko wa ugonjwa, cha pili ulinzi wa mtoto, cha tatu nilikipita bila kukisoma. Mratibu, dada wa Kinyakyusa mwenye maneno mengi, alinionyesha huku akicheka: "Kaka, mwaka huu nimesoma kuliko nilivyosoma chuo." Kisha akasema mwenye nyumba anamdai pango la miezi minne.

Tangu siku ile kila nikikaa na watu wa asasi, iwe Mbeya au Iringa, mabishano ni yaleyale. Ugonjwa ukishaingia nchini, wanaohudumia vijana wasaidiwe kwa mafunzo au kwa fedha? Watoaji wengi huegemea mafunzo. Wapokeaji wanataka fedha. Mimi nina upande wangu, lakini si upande unaosimama bila kuyumba.

Tukumbushane hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikafungwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, madarasa mengine tarehe 29 Juni. Hapa hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa nchi jirani. Soko la Mwanjelwa liliendelea kuuza viazi na ndizi, bajaji ziliendelea kupakia. Vijana waliotoka shuleni hawakukaa nyumbani kupiga miayo: wapo waliokwenda shambani, wapo waliokwenda kubeba mbao Mafinga, wapo waliojaribu bahati kwenye machimbo ya dhahabu Chunya. Kilichofungwa ni programu zenyewe. Semina, warsha na michezo vilizuiwa, safari za wafadhili zikakatika, na vijana wa kujitolea kutoka Uingereza wakaitwa kwao.

Ndipo mafunzo ya bure yakaanza kumiminika kwenye simu zetu. Nilijiunga na moja nikiwa dukani kwa rafiki yangu Kihesa, Iringa, kwa sababu pale mtandao hausumbui. Somo la kwanza lilihusu namna ya kumchangamsha kijana aliyefungiwa nyumbani kwa kutumia kompyuta ya familia. Pembeni yangu alikaa mwelimishaji rika ambaye vijana wake wote walikuwa shambani wakipalilia maharage, na kompyuta ya familia wameiona kwenye picha. Kabla somo la pili halijafika nusu, bando likaisha. Hakuna aliyerudisha gharama ya bando hilo, ila cheti kilikuja.

Ukiishia hapo, utasema mafunzo ni upuuzi tu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na nilikuwa nakosea.

Mwezi Juni mwaka uleule, kijana mmoja mwenye umri wa miaka 22 aliyekuwa mwelimishaji rika alipokea ujumbe usiku kutoka kwa binti wa Kilolo. Binti alikuwa mjamzito na hajui aanzie wapi. Kijana yule, kwa nia njema kabisa, akaupiga picha ujumbe huo, jina na namba vikionekana, akautupia kwenye kundi la WhatsApp la asasi akiomba ushauri. Watu zaidi ya thelathini wakausoma. Hata angepewa milioni tano siku hiyo, fedha zisingemwambia kwamba ujumbe wa namna ile hausambazwi, unapelekwa kwa mtu mmoja anayehusika. Na tusisahau uzito wa jambo lenyewe: wakati huo mwanafunzi aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya serikali. Ruhusa ilitangazwa Novemba 2021. Kwa binti yule, asasi ndiyo ilikuwa karibu mlango pekee uliobaki, na aliyefungua mlango hakuwa amefundishwa kazi hiyo.

Nyanda za Juu Kusini pia si mahali pa kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya UKIMWI wa 2016/17 uliitaja Njombe kuwa na maambukizi ya asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3 kwa watu wazima. Kikundi cha vijana kikipotea hapa kwa miezi mitatu, kinachopotea ni zaidi ya mpira na ngonjera.

Wanaotetea mafunzo hupenda kutaja Ujana Salama, mradi wa majaribio ulioendeshwa na TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) pamoja na UNICEF na TACAIDS (tume ya kudhibiti UKIMWI) kabla ya korona katika halmashauri za Mufindi, Mji wa Mafinga, Rungwe na Busokelo. Vijana wa miaka 14 hadi 19 walipewa mafunzo ya ana kwa ana kwa wiki 12, kisha ulezi wa kuwafuatilia, na mwishoni ruzuku ndogo inayolingana na dola 80 za Marekani kwa ajili ya kuanzisha shughuli zao. Mfano mzuri, na mpangilio wake ni wa busara. Ila watu wanausimulia nusu. Kaya za vijana wale tayari zilikuwa zinapokea fedha za TASAF. Mafunzo yalipandwa kwenye udongo ulioloweshwa kwanza.

Upande wa fedha nao una aibu zake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikaonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, mpaka Aprili 2023 serikali ikaisimamisha, ilirejeshwa 2024. Mtu akiniuliza kwa nini mfadhili anaogopa kuweka fedha mkononi mwa kikundi kidogo, sina haja ya kwenda mbali. Na mimi namjua mratibu mmoja ambaye ruzuku ya asasi iliezeka nyumba yake. Bati zinang'aa hadi leo.

Lakini tuangalie fedha hizo zinakwenda kwenye nini. Mkopo wa halmashauri ni wa kufuga kuku au kununua bajaji, si wa kumlipia mratibu pango la chumba ambamo vijana wanafundishwa. Mwaka 2021 nchi ilipopata mkopo wa IMF wa masharti nafuu, shilingi trilioni 1.3 zilipangiwa kazi, na madarasa 15,000 yakajengwa. Yalihitajika, sibishani. Nasema tu kwamba darasa linahesabika, linapigwa picha, linazinduliwa. Mafunzo nayo yanahesabika: washiriki 40, vyeti 40. Ndoo za koki na vitakasa mikono vilevile. Kuendelea kuwepo hakuhesabiki. Hakuna safu kwenye fomu ya ripoti ya kuandika kwamba mwezi huu mlango ulikuwa wazi na binti aliyekuja akilia alimkuta mtu.

Hapo ndipo ninapoangukia. Mlipuko ukija, fedha zitangulie, na ziwe za kuendeshea kazi: pango, posho ya watu wawili watatu, vocha na nauli. Si lazima ziwe nyingi. Tena ni afadhali ziwe ndogo, kwa kuwa mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 lazima upelekwe kwa Msajili wa asasi na Hazina, na vikundi vidogo huishia njiani. Mafunzo yafuate ndani ya wiki chache, yasingoje mwaka upite, na yaletwe na mtu anayefika kwa miguu: afisa maendeleo ya jamii wa kata, muuguzi wa zahanati, mwalimu wa VETA. Saa mbili kwenye benchi, juu ya kesi zilizotokea kweli, zingemsaidia yule kijana aliyetumiwa ujumbe na binti wa Kilolo kuliko vyeti kumi. Kuhusu wizi, kiasi kidogo kinacholipwa kila mwezi, mwenye nyumba akipokea mwenyewe kwenye simu yake, hakiezeki nyumba ya mtu.

Najua mfadhili atasema kulipa pango ni kuzoesha watu utegemezi. Huenda. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulijifunza kwamba hata miradi iliyojengwa kwa mafunzo ya miaka mingi inaweza kufunga ofisi ndani ya wiki moja.

Chumba cha Ilomba kilirudishwa kwa mwenyewe Oktoba 2020. Cherehani mbili ziliuzwa kulipa deni, mbili zikapelekwa Tukuyu kwa mama yake mratibu, na Jumapili baada ya ibada mabinti wachache huja kushona barazani. Nilimpigia mwaka jana nikamuuliza kati ya vyeti vile kipi kilimfaa. Akataja kile cha ulinzi wa mtoto, bila kusita. Nikamkumbusha kulikuwa na cha tatu.

"Eeh, kile kilikuwa cha utunzaji wa hesabu," akasema. "Kilinisaidia sana kujua deni la pango limefika shilingi ngapi."