Fosfati Si Swichi ya Taa

Jana nilikuwa nasahihisha mitihani, na karibu kila karatasi ilikuwa na sentensi ileile, utadhani wote walikaa dawati moja: “Fosforilesheni huwasha protini mota.” Yaani, kubandika fosfati huwasha zile protini zinazotembea na kuvuta vitu ndani ya seli. Kufikia ya kumi hivi, kalamu nyekundu nusura itoboe karatasi.

Huwasha! Kama taa ya chooni.

Najua walikoitoa. Ni zile video za kinesini, moja ya mota hizo, ikitembea kwa madaha juu ya mikrotubuli, reli za ndani ya seli, imebeba kifuko kikubwa kama puto. Zinapendeza, sikatai. Kila hatua nanomita 8, kila hatua ATP moja, ile molekuli ya nishati ya seli. Lakini nani kaiambia ipakie mzigo huu? Nani kaiambia iutue? Hapo video kimya. Mwanafunzi akisikia ATP ina fosfati, basi, kamaliza: fosfati ni nguvu, nguvu huwasha. Kumbe fosfati ya ATP ni mafuta, na ile inayobandikwa na kinasi (kimeng'enya cha kazi hiyo) juu ya serini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, ni amri. Mafuta hayajawahi kumwonyesha dereva njia.

Amri nayo hutegemea imebandikwa wapi. Chukua hantingtini, ile protini ambayo jeni yake ikiwa na kasoro huleta ugonjwa wa Huntington. Ndani ya seli ya neva hukaa kwenye vifuko vinavyobeba BDNF, kirutubisho cha neva. Kinasi iitwayo Akt ikibandika fosfati kwenye serini ya 421, kinesini hushikamana na kifuko na safari huelekea ncha ya akzoni, ule mkia mrefu wa seli ya neva. Fosfati ikitoka, kinesini hubanduka, na mara nyingi dainini, mota ya upande wa pili, hukivuta kifuko kurudi kilikotoka. Kifuko ni kilekile na njia ni ileile. Kilichobadilika ni fosfati moja, katika protini ambayo hata mota si mota! Na akzoni inaweza kufika urefu wa mita moja. Kwa mwendo wa mikromita moja kwa sekunde, bila kupumzika, hizo ni siku 11 na ushei. Sasa mpe msafiri huyo amri ya kurudi akiwa siku ya tisa.

(JIP1, protini nyingine inayounganisha mota na mzigo, nayo hugeuzwa hivyohivyo, na kinasi JNK, tena kwenye serini ya 421. Sadfa tupu. Msianze kutafuta siri ya namba.)

Halafu tazama kinyume chake. GSK3, kinasi nyingine, ikibandika fosfati kwenye minyororo myepesi ya kinesini, vile vipande vidogo vinavyosaidia kushika mzigo, mzigo unaachiwa. Eg5, kinesini ya mgawanyiko wa seli, ikibandikwa ya kwake na kinasi Cdk1 seli inapojiandaa kugawanyika, ndipo inapokwenda kushika nyuzi za mgawanyiko. Huku fosfati inasema achia, kule inasema shika. Swichi gani hiyo?

Haya, miosini, mota ya misuli, katika misuli laini kweli huwashwa: fosfati kwenye mnyororo mwepesi, msuli unakaza. Hilo nawapa. Moja.

Na nikiri: mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, sentensi hiyo niliiandika mimi mwenyewe ubaoni, tena nikaipigia mstari. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: “Mwalimu, kama inawashwa, mbona inaangusha mzigo?” Nikajikohoza, nikafuta ubao, nikasema tutaliangalia kipindi kijacho. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasoma.

Fosfatasi, zinazobandua hizo fosfati, hazikutajwa na mtu hata mmoja kwenye rundo zima. Kazi ya kufuta haina sifa popote.

Zimebaki karatasi kama thelathini. Kila nikikuta “huwasha” naandika pembeni: fosfati ipo wapi, kwenye protini ipi? Kisha natoa nusu maksi, maana wazazi wao nao wana simu yangu.