Kanga ya Obama, saini ya Johnson

Mama yangu kule Tanga bado anayo kanga aliyonunua mwaka 2008, yenye sura ya Barack Obama katikati na maneno ya kumpongeza. Haivai. Ameikunja sandukuni pamoja na zile alizopewa siku ya harusi yake. Nilipopata grini kadi na kuja Georgia, alinisisitiza nimpe habari za "mtoto wetu" kila nikipiga simu. Mtoto wetu, kwa kuwa baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, na Kenya kwa mtu wa Tanga ni hapo tu, ukivuka Horohoro.

Nami nilikuja na mizani hiyohiyo. Rais mzuri wa Marekani ni mwenye damu yetu, au mwenye ulimi mtamu. Kennedy alisifiwa nyumbani kwa kumkaribisha Mwalimu Nyerere Washington mwaka 1963. Bush mdogo alikuwa mtu wa vita vya Iraq, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyenibadilisha ni bibi mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Alabama, mwaka 1936. Msimu wa uchaguzi wa 2020 karatasi yake ya kura ilikuja kwa posta. Nilimsogezea meza, nikamletea miwani, nikakaa pembeni. Aliisoma mbele na nyuma, mstari kwa mstari: rais, seneta, sherifu wa kaunti, mwendesha mashtaka, bodi ya shule. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipofika kwenye saini ya bahasha mkono ukaanza kutetemeka. Akauweka mezani, akasubiri utulie, ndipo akaandika.

Nikamuuliza, katika marais wote aliowaona, nani alimfaa zaidi. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia Obama. Akasema Lyndon Johnson. "Kennedy alijua kusema. Johnson ndiye aliyetia saini." Alikuwa anazungumzia sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, iliyoondoa ile mitihani ya kusoma na kuandika waliyowekewa watu weusi kule kusini ili wasijiandikishe. Yeye alijiandikisha mwaka uliofuata, ana miaka 30, na mama yake mzazi akajiandikisha siku hiyohiyo. Halafu akanionyesha picha ya ukutani, kijana aliyevaa sare za jeshi. Mdogo wake. Alikufa Vietnam mwaka 1967, kwenye vita alivyovikuza Johnson huyohuyo. "Namshukuru na sijamsamehe," akasema, akaomba nimzimie taa.

Siku hizi nampima rais hivyo: ametia saini nini, na kimebaki nini. Bush mdogo, mzigo wa Iraq ni wake na hautoki. Lakini Januari 2003 aliliomba Bunge dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI, na mwezi Mei akatia saini sheria ya mpango huo, PEPFAR. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Mtu yeyote wa rika langu anakumbuka miaka ya kabla ya ARV, tulivyokuwa tunatoka kwenye msiba mmoja na kuingia mwingine. Obama tulimpa barabara Dar es Salaam mwaka 2013, na sioni ubaya. Ila watu walio hai leo mtaani kwetu kwa sababu ya ile saini ya 2003 ni wengi, na jina la Bush hawalitaji.

Kampeni za huku sizisifii. Zinaanza mapema mno, zinakula mabilioni ya dola, na kwenye sebule ya wazee wetu tangazo la kumchafua mtu lilifuatwa na jingine mpaka tukazima televisheni. Na mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni tatu zaidi ya mpinzani wake na bado akashindwa. Nikimweleza mama hilo haelewi, na simlaumu.

Lakini kuna jambo nililiona hapahapa Georgia ambalo natamani lingekuwepo kwetu. Joe Biden alishinda jimbo hili kwa kura 11,779 kati ya takriban milioni tano. Zikahesabiwa mara tatu. Tarehe 2 Januari 2021 Rais Trump akampigia simu Brad Raffensperger, katibu wa jimbo anayesimamia uchaguzi wa Georgia, na mtu wa chama chake, akimtaka atafute kura 11,780. Akakataa. Aliweza kukataa kwa sababu cheo chake alipewa na wapiga kura wa Georgia. Rais hawezi kutengua uteuzi wake jioni kwa taarifa ya Ikulu. Kwetu, kwa miaka mingi, waliosimamia uchaguzi majimboni ni wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa rais. Na Katiba yetu, ibara ya 41, inazuia mahakama kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa, wakati jirani zetu wa Kenya walifuta uchaguzi wa urais mahakamani Septemba 2017. Mkurugenzi wa kwetu, simu kama ile ikiingia, anaijibuje na ana watoto wa kusomesha?

Kisha ikaja tarehe 20 Januari 2025. Siku yake ya kwanza aliporudi madarakani, Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mdogo wangu ni mhudumu wa ngazi ya jamii Muheza. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia majumbani wateja wa CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU, walioacha dawa. Mradi uliokuwa unamlipa ukafungwa. Akanipigia: "Dada, si ulisema huko rais ana mipaka?"

Nilisema, ndiyo. Katibu wa Georgia ana watu waliomchagua. Wateja wa Muheza hawana kura popote pale, si Georgia wala Washington, na serikali yetu kwa miaka 22 iliacha sehemu kubwa ya matibabu yao itegemee fedha za mtu mwingine. Sikuwa na maneno ya kumtuliza. Dawa zenyewe ziliendelea kupatikana kituoni, lakini wa kuwafuata walioacha hakuwepo tena.

Daftari lake lina majina 61. Bado anawapigia, mmoja mmoja, jioni akishapika. Hela ya vocha namtumia mimi.