Methadoni ni bure, nauli je?

Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa heroini, yaani unga, Tanzania imefanya jambo ambalo nchi nyingi za Afrika bado hazijalithubutu. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar na mikoa kadhaa. Dawa hailipiwi. Naipongeza Serikali kwa moyo wote. Ila kwa kawaida mraibu anatakiwa afike kwenye dirisha la dawa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na nauli anajitafutia mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapotupotea.

Anayeanza hupewa miligramu 15 hadi 30 za dawa ya maji. Anameza mbele ya mhudumu, kisha anakunywa maji na kusema neno ili ionekane hakuibana mdomoni. Dozi hupandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Haraka haifai hapa: methadoni hukawia mwilini, dozi ya leo inaikuta ya jana bado ipo. Ukipandisha mbiombio, siku ya kwanza mtu anaonekana mzima. Siku ya tatu au ya nne usingizi unamzidi, pumzi zinapungua, haamki. Pombe au valiamu ikiongezwa, hatari ni kubwa zaidi.

Sasa mtu huyo akose nauli. Arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, inamrudia: jasho, kamasi, tumbo la kuendesha, mifupa inauma. Kliniki iko mbali, kete ya unga iko mtaani kwake. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi hupunguzwa. Zikizidi hapo, mara nyingi anaanza upya, kwa sababu mwili hauhimili tena kiwango cha zamani. Wiki alizopanda ngazi zimepotea.

Kuna jambo lingine linalowaumiza wagonjwa wa kifua kikuu. Rifampisini, moja ya dawa zao, hulifanya ini livunje methadoni upesi, kwa hiyo aliyekuwa ametulia kwa miligramu 80 anaingia arosto kabla dozi ya kesho haijafika. Nevirapini na efavirenzi, dawa za VVU, nazo hufanya hivyo. Mhudumu asiyelijua hili atadhani mgonjwa anadanganya ili aongezewe, na mgonjwa atarudi kwenye unga. Anahitaji kuongezwa dozi kweli, na akimaliza rifampisini ishushwe kwa uangalifu.

Maoni yangu ni kwamba kuanzisha dozi kubaki hospitali kubwa, lakini aliyetulia anywe kituo cha afya cha karibu na kwake. Dirisha halihitaji jengo jipya. Linahitaji kabati la chuma lenye kufuli mbili, rejesta inayolingana na chupa kila jioni, mfamasia na muuguzi waliofunzwa, na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na dozi, mkononi.

Waliokaa muda mrefu bila unga wapewe pia dozi za nyumbani, za siku moja au mbili kwanza. Hofu ya kuuzwa mtaani au kunywewa na mtoto ni ya kweli, na inazuilika: kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, chupa tupu irudishwe, mkojo upimwe bila taarifa.

Na anayehama mkoa au kuwekwa mahabusu afuatwe na karatasi moja yenye miligramu, tarehe ya dozi ya mwisho, sahihi ya mfamasia na simu ya kliniki, ili anayempokea ampe dawa siku hiyohiyo.