Binti asiyepumua aliyefungua koo za vijana wa Japani

Kila nikimwonyesha mtu video ya tamasha la Hatsune Miku, swali ni lilelile: "Hawa watu wazima wanamshangilia nani?" Jukwaani kuna kioo kikubwa, na kwenye kioo anacheza binti wa katuni mwenye nywele za rangi ya feruzi zilizofungwa mafungu mawili, ndefu mpaka magotini. Nyuma yake wapiga ala wa kweli wanavuja jasho. Ukumbi mzima unapunga vijiti vya mwanga kwa mdundo mmoja. Mshangao wao nauelewa, lakini nadhani macho wameyaelekeza siko.

Miku ni ala ya muziki, kama gitaa au kinanda. Kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ilimtoa tarehe 31 Agosti 2007 akiwa programu ya kompyuta inayotumia teknolojia ya Vocaloid ya Yamaha, na sauti yake ilirekodiwa kutoka kwa mwigizaji Saki Fujita. Unapanga noti, unaandika silabi kwenye kila noti, naye anaimba. Silabi za Kijapani, kama zetu, karibu zote huishia na irabu. Siku rafiki yangu aliponiachia kompyuta yake, niliandika ka-ri-bu kwenye noti tatu zinazopanda. Neno likatoka safi kabisa, ile r tu ndiyo ilikuwa nyepesi kidogo. Nililirudia mpaka akaninyang'anya kipanya.

Sasa mfikirie kijana wa Kijapani wa mwaka ule, amejifungia chumbani. Wimbo anao kichwani, bendi hana, pesa za studio hana, na kuimba mbele za watu anaona haya. Ghafla amepata wa kumwimbia. Anaupandisha wimbo kwenye Nico Nico Douga, tovuti ambayo maoni ya watazamaji hupita juu ya video yenyewe. Mtu asiyemjua anauchorea picha, mwingine anautengenezea video, mwingine anauimba upya kwa koo lake mwenyewe. Crypton ingeweza kukimbilia mahakamani. Badala yake iliwaruhusu mashabiki kumtumia Miku katika kazi zisizo za biashara, ikawafungulia na tovuti ya Piapro ili waazimane kazi zao. Uamuzi huo nauheshimu kuliko taa zote za jukwaani.

Huko vyumbani ndiko alikotoka Kenshi Yonezu wa Tokushima, aliyeanza kupandisha nyimbo za Vocaloid mwaka 2009 kwa jina la Hachi kabla ya kuimba mwenyewe na kuwa miongoni mwa majina makubwa ya muziki wa Japani. Ayase, mtunzi wa kundi la YOASOBI, naye alipitia njia hiyohiyo.

Wanaomkosoa Miku husema sauti yake ni ya bati. Ni kweli, ina ubati. Ila hapumui, na hapo ndipo pana utamu. Mtunzi anaweza kummwagia maneno mfululizo bila mahali pa kuvuta pumzi, akamrusha kutoka noti ya chini hadi ya juu kabisa, naye asichoke. Watoto waliokua wakizisikiliza nyimbo hizo walijaribu kuzifuata kwa mapafu ya binadamu. Mimi nasikia mazoezi yao kila ninapofungua pop ya Kijapani ya leo, katika zile mbio za maneno na ile miruko ya sauti inayokuacha mdomo wazi.

Msikilize mwimbaji Ado, mzaliwa wa 2002. Alizipenda nyimbo za Vocaloid tangu shule ya msingi, akawa anajirekodi nyumbani ndani ya kabati la nguo. Kibao kilichomtoa mwaka 2020, akiwa na miaka 17, kilitungwa na syudou, mtunzi wa Vocaloid. Jina Ado alilichukua kwenye kyogen, maigizo ya kale ya kuchekesha, ambako ado ni yule anayemsindikiza mhusika mkuu. Aprili 2024 msindikizaji huyo aliimba siku mbili katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, mwanamke wa kwanza kufanya onyesho lake peke yake pale. Maelfu waliofika hawakuuona uso wake. Waliona kivuli, wakasikia koo.