"Si Uache Tu, Mama?"

Nesi hakuinua hata macho. Alisoma karatasi ya majibu ya mkojo wangu, akakata jina langu kwenye orodha ya upasuaji kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha akanitupia maneno hayo kama mtu anayekuelekeza choo kilipo: "Si uache tu, mama?"

Nina siku 11 nayabeba. Nayasikia nikipiga mswaki, nayasikia nikitaka kulala. Si uache tu. Miaka 23 ya kuvuta sigara, na dawa yake ni "tu". Jamani, ningejua kwamba kumbe ni "tu", ningeacha zamani, nilikuwa nasubiri kukumbushwa.

Wazee walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi naongeza kwamba asiyevuta hamjui mwenye arosto.

Kwanza nieleze kituko cha karatasi yenyewe. Mnaojiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito mnajua sharti: wiki 6 bila tumbaku, halafu kipimo. Sasa kinachopimwa kwenye mkojo si nikotini, maana nikotini haikai. Nusu yake inatoka mwilini ndani ya saa 2 hivi. Wanatafuta kotinini, mabaki ambayo ini linayaacha likishaivunja nikotini, na yale hayana haraka. Nusu yake inachukua karibu saa 16 hadi 20 kupungua, ndiyo maana unaweza kuacha leo na bado ukakamatwa siku kadhaa mbele. Sawa. Lakini chingamu ya nikotini nayo inaacha kotinini ileile. Plasta ya nikotini, ile ya kubandika kwenye ngozi, vilevile. Kipimo hakiwezi kujua kama nilivuta au nilitafuna. Na ile chingamu nilipewa wapi? Palepale kliniki, kwa mkono wao, na maelekezo juu yake: tafuna polepole, ibane pembeni ya shavu, itafune tena. Yaani chumba cha kwanza wananipa chingamu, chumba cha tatu wananihukumu kwa chingamu.

Kipo kipimo kingine, cha anabasini, ambayo imo kwenye tumbaku lakini kwenye chingamu na plasta haimo. Kingeweza kutenganisha. Nimekisoma mwenyewe usiku, kwenye simu, baada ya jina langu kukatwa. Hakuna aliyenitajia.

Ila kama ingekuwa chingamu tu, ningelalamika kwa wifi yangu tukamaliza. Kinachonikera ni kikubwa zaidi.

Nilianza kuvuta nikiwa na miaka 19, na nilianza ili nipungue. Ndiyo. Bwenini alikuwepo msichana mmoja mwembamba, mzuri, aliyekuwa akiruka mlo wa jioni na kuvuta dirishani, akaniambia sigara inaua njaa. Hakuwa ananidanganya. Nikotini inapunguza hamu ya kula, na inaufanya mwili uchome nguvu zaidi kidogo hata ukiwa umekaa. Wauza sigara walilijua hilo kabla bibi yangu hajazaliwa: mwishoni mwa miaka ya 1920 kule Marekani kampuni ya Lucky Strike ilikuwa ikiwaambia wanawake wachukue sigara badala ya peremende, waziwazi, hadi watengeneza peremende wakaja juu. Mwaka 1968 ikaja sigara ya Virginia Slims, ambayo wembamba, "slim" ya Kiingereza, umewekwa kabisa kwenye jina. Msichana wa bwenini hakubuni kitu. Alikuwa anapitisha tangazo la miaka mingi.

Kwa hiyo sigara kwangu haikuwa starehe tu, ilikuwa komeo la mdomo. Komeo bovu, nakubali, maana nilinenepa vilevile. Lakini lilikuwepo, na kila jikoni lilipoita nilikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Sasa pigeni hesabu nami. Pakiti moja kwa siku ni sigara 20. Kila sigara niliivuta pafu kama 10. (Kiswahili kina utani wake: pafu ni mvuto mmoja, na pafu ni kile kiungo kinachoharibika.) Hiyo ni mara 200 kwa siku mkono unapanda mdomoni na kushuka. Mara 200, kila siku, miaka 23. Halafu asubuhi moja unauambia mkono, basi, tulia. Utatulia wapi? Mkono wangu ulishika kijiko. Siku ya tatu usiku, ile siku ambayo mwili unadai kuliko zote, nilijikuta nimesimama mbele ya friji mlango wazi, taa yake inanimulika kama mwizi, nakula kitu ambacho hata sikipendi. Sikuwa na njaa. Mkono ulikuwa kazini.

Wanaoacha sigara huongezeka, kwa wastani, kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka wa kwanza. Wapo wanaopungua, wapo wanaozidi 10. Hili linajulikana, si siri ya kabila. Na bado, kliniki ileile inayosema acha sigara ina mtaalamu wa lishe kwenye korido ileile anayesema usiongeze hata kilo moja kabla ya upasuaji, na ikiwezekana punguza. Na wiki 2 za mwisho kuna ule mlo wa kunywa tu, ili ini lisinyae, kwa sababu limelala juu ya mfuko wa chakula na mpasuaji lazima alinyanyue ndipo afike anakokwenda. Nayaelewa yote hayo, moja moja. Lakini hebu yaweke pamoja juu ya mwili wa mtu mmoja. Nikipanda mizani niwe nimepungua, nikikojoa niwe safi, na dawa pekee niliyopewa ya kunisaidia kuwa safi inachafua mkojo. Hata mtunga mitihani mwenye roho mbaya angeona aibu kidogo.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mnisikilize.

Mwaka jana nilipofika pale mara ya kwanza, sukari yangu ya damu ilikuwa juu mno kupasuliwa. Wakaahirisha. Unajua walifanya nini? Walinipa vidonge. Wakanipa kifaa cha kujipimia nyumbani. Kila baada ya wiki 2 simu inaita: mama, umeamkaje, asubuhi ilisoma ngapi, hebu tuongeze dozi. Wakagundua kwamba usiku nakata pumzi usingizini, wakanitafutia mashine, wakanifundisha kuivaa, nikalalamika inabana pua, wakabadilisha kinyago. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia usoni akasema, "Si ushushe tu sukari, mama? Si upumue tu?"

Na hawa si watu wa kawaida wa mtaani. Hawa ndio watu pekee maishani mwangu walionikalisha chini wakaniambia unene si uvivu. Kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria wamebandika bango: unene uliokithiri ni maradhi. Nililisoma bango lile siku ya kwanza nikalia, mtu mzima, na mkoba wangu mapajani, kwa sababu tangu nikiwa na miaka 9 kila mtu aliyewahi kunipa ushauri alinipa ushauri mmoja: si upunguze tu kula? Walimu, mashangazi, watu wa kwenye foleni. Nikafika mahali ambapo mtu aliyesomea anasema hapana, kuna homoni, kuna ubongo, kuna urithi, nia peke yake haitoshi, njoo tukusaidie. Mlango wa kwanza kunifungukia.

Halafu inafika kwenye sigara, watu walewale, chini ya bango lilelile, wanarudi kuwa mashangazi.

Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 baada ya kuvuta. Ubongo ukizoea hivyo kwa miaka 23, umejengeka upya kuizunguka. Zipo dawa: vareniklini, bupropioni. Hazina nikotini, kwa hiyo haziongezi kotinini hata chembe. Kila mtu ana mwili wake na si kila mtu anafaa kupewa, sawa, ndiyo maana kuna daktari wa kuamua. Lakini kuamua kunaanza na kutaja. Mimi nilipewa chingamu na macho ya pembeni.

Najua mtaniambia: lakini sharti ni la haki. Haya, nitalisema, kwa shingo upande. Ni la haki. Mpasuaji wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alichukua kalamu akanichorea. Hapa kijifuko kidogo kama yai, kilichobaki cha mfuko wa chakula. Hapa utumbo mwembamba umepandishwa na kushonwa kwacho. Utumbo huu, akasema, haukuumbwa kukutana na asidi ya tumboni, na pale kwenye mshono ndipo vidonda hupenda kuota. Sigara inabana mishipa midogo, damu haifiki vizuri, mshono haujaungana sawasawa, kidonda kinachimba, kinatoka damu, wakati mwingine kinatoboka. Ukichagua ule upasuaji mwingine, wa kukata karibu asilimia 80 ya mfuko na kubana kwa pini, bado ni jeraha refu linalotaka damu ili lipone. Na moshi una kaboni monoksaidi, ambayo inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata ile damu inayofika, inafika mikono mitupu. Bado hajagusa mapafu na nusu kaputi. Miongozo ya wapasuaji wa Marekani ya mwaka 2019 inasema ikiwezekana mtu aache mwaka mzima kabla, na si chini ya wiki 6. Sina ugomvi na wiki 6. Tena akaongeza, bila kuinua sauti, kwamba yeye haogopi wiki 6 kabla, anaogopa miaka 6 baada, kwa sababu wengi hurudia na kile kidonda hakina tarehe ya kwisha muda. Nilikasirika alipolisema hilo. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa tayari najiwazia sigara ya kusherehekea.

Wanaosema upasuaji wenyewe ni njia ya mkato, nawakaribisha waje waikate.

Na wale wa "vuta ya umeme, haina moshi": nikotini ni ileile, mishipa haiulizi imekuja kwa usafiri gani.

Sasa kuna jambo sikumwambia nesi. Nimezunguka makala nzima nikilikwepa.

Jumapili kabla ya kipimo nilivuta. Moja nzima, na nusu ya nyingine. Nyuma ya nyumba ya wifi yangu, baada ya mtu kunisifu mezani kwamba nimejitahidi, kwamba nimekuwa na nia kweli. Sijui kwa nini sifa ndiyo iliyonivunja na si ugomvi. Wiki 5 nilikuwa nimeshinda ugomvi, foleni, usingizi wa vipande vipande. Nikaambiwa hongera, nikatoka nje nikawasha.

Kwa hiyo niliposimama kwenye dirisha lile nikipaza sauti kwamba ni chingamu yenu, chingamu yenu ndiyo iliyonichafua, nilikuwa nasema kweli na nilikuwa nadanganya, vyote kwa pumzi moja, na pumzi yenyewe sijui ilikuwa inanuka nini. Kotinini ingekuwepo hata kama Jumapili ile ningeshinda nimelala. Lakini niliishika ile chingamu kama ngao, na nyuma ya ngao nilikuwa na kiberiti. Huenda nesi alilijua. Huenda amewasikia mia kama mimi, na ndiyo sababu hakuinua macho.

Lakini hata hivyo. Hata kama alijua. Mgonjwa wa sukari akikutwa na makombo mdomoni anapigiwa simu wiki hiyohiyo. Mimi niliambiwa nirudi baada ya wiki 6, nikatoka mlangoni nikavuta 3 mfululizo, kwa sababu tarehe iliyokuwa inanishikilia ndiyo hiyo waliyoifuta.

Leo ni siku ya 10 bila moshi. Mizani imepanda kilo 2. Chingamu nimeacha, nimeogopa mkojo, na bila chingamu saa 11 jioni inakuja na meno. Jana nilipiga simu kliniki kuuliza habari za vareniklini. Nikaambiwa daktari yuko chumba cha upasuaji, nipige Jumatatu.

Jumatatu nitapiga. Nitauliza dawa, nitauliza na kile kipimo cha anabasini, kwa sauti ya adabu kabisa. Akipokea yeye yule nesi, sijui kama nitamtajia Jumapili. Sasa hivi ni saa 10 na dakika 50, na nina kijiko mkononi.